Ngumi ya Kumi

Kaka yangu Athuman alijifunza kuhesabu Kijapani akiwa nje ya dirisha. Alikuwa na miaka kumi na mitano, amepelekwa mjini Handeni kwa mjomba wetu kuuza machungwa, na kila jioni alipita na beseni lake nyuma ya ukumbi ambamo vijana walikuwa wakifundishwa karate. Dirisha lilikuwa juu ukutani. Hata akisimama kwa ncha za vidole aliona dari tu, watu hawakuonekana. Kwa hiyo alichochukua alikichukua kwa sikio, kwanza maelekezo ya mwalimu kwa Kiswahili, kisha hesabu: ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, kyu, ju. Baada ya kila neno alisikia pumzi za watu zikitoka kwa pamoja, na miguu ikikaza sakafu.

Katika maneno yale kumi alilielewa moja. Lile la pili pia ni Kiswahili, lakini mtu akikuambia "ni" peke yake hujui ufanye nini. Lile la mwisho lilikuwa wazi. Juu. Athuman akajua kwamba watu wale hupiga ngumi tisa mbele, kisha ya kumi wakaipeleka juu.

Aliporudi nyumbani Kwaluguru msimu wa kulima, alinisimamisha mbele yake pembeni mwa shamba. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mkono wangu wa kulia niliuvunja mwaka uliotangulia kwa kuanguka mchungwani, ukaunga ukiwa umepinda kidogo kwenye kiwiko, na watoto wenzangu walikuwa wananitania. Athuman hakuwa na habari na kiwiko changu. Alinifundisha kuweka ngumi kiunoni, kiganja kikitazama juu, kuisukuma mbele huku kiwiko kikisugua ubavu, na kuigeuza mwishoni kabisa kama anayefunga bomba. Tisa mbele. Ya kumi juu, kama mtu anayegonga dari, ingawa shambani hakuna dari.

Tulihesabu kwa mahindi. Vifuniko viwili vya ndoo chini, kimoja kina punje mia, kingine kitupu. Kila tukimaliza kumi, punje moja inahamia upande wa pili. Punje zikiisha, tumepiga ngumi elfu moja. Athuman alikuwa anasema mkono haujui kitu mpaka umerudia, na kwamba kichwa kinaweza kudanganya kwamba kimeelewa lakini mkono haudanganyi. Sijui hilo alilisikia dirishani au alilitunga mwenyewe.

Amefariki mwezi wa saba mwaka huu, mwanzoni, akiwa na miaka thelathini na saba. Ni figo. Aliugua miezi miwili, mwezi wa mwisho akiwa nyumbani kwa mama, na tulimzika Kwaluguru, si mbali na shamba lile. Naandika kwa sababu nimeona vitu vidogo vinaanza kunitoka.

Hapa Korogwe watu walimjua kama fundi pikipiki. Jumatano na Jumamosi, baada ya alasiri, alikuwa mwalimu wa karate hapa Kilole, kwenye ghala la zamani la katani ambalo Mzee Abraham alimruhusu alitumie. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wote watu wazima, pamoja nami wa kumi na mbili. Paulo anaendesha bodaboda. Filomena anauza mboga anazoletewa na ndugu zake kutoka milima ya Lushoto. Wengine ni kina mama wa mtaani na walimu wawili wa shule ya msingi. Mimi nilikuwa mkubwa wao kwa mkanda, mkanda wa kahawia, ambao ni wa mwisho kabla ya mweusi. Mchana nafanya kazi steshenari, natoa nakala na kuchapa barua za watu.

Jumatano ya kwanza baada ya kurudi kutoka msibani nilikwenda ghalani kumrudishia Mzee Abraham ufunguo. Niliwakuta wote kumi na mmoja wamesimama nje kwa mistari, wamevaa nguo zao nyeupe. Nilipofungua mlango waliingia wakasimama vile vile. Mbele yao hapakuwa na mtu.

"Tumeona tusimame tu, dada Hajira," Paulo alisema. "Ukitaka kuhesabu, hesabu."

Nikahesabu.

Katika wiki ya nne ya msiba alikuja darasani Mwalimu Valentino. Ni Mshambaa wa makamo, mtaratibu, ndiye anayepima watu mkanda mweusi kwa niaba ya chama chao cha karate; mikanda ya chini Athuman alitupima mwenyewe. Alitoa pole kwanza, akakaa kwenye benchi, akauliza habari za mama. Kisha akatoa barua mfukoni, akaishika bila kuifungua, akanieleza yaliyokuwa ndani. Darasa lisilo na mwalimu mwenye mkanda mweusi haliwezi kubaki kwenye orodha ya chama. Mtihani ungefanyika Handeni, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Nikifaulu, darasa la Kilole lingebaki kama lilivyo. Nikishindwa, lingefutwa, na mwenye nia angekwenda kujifunza Tanga. Nilimtazama Filomena. Mtu anayepokea mboga saa kumi na moja alfajiri hawezi kwenda Tanga mara mbili kwa wiki. Na ghala bila darasa ni ghala tu. Mzee Abraham alikuwa ameshaulizwa na watu wanaotafuta pa kuweka mahindi.

Mwalimu Valentino aliniomba nipige ngumi kumi. Alihesabu mwenyewe, kwa sauti ndogo.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akaniambia tena nirudie, nikafanya mara ya tatu.

"Ya kumi inakwenda wapi?"

"Juu, Mwalimu," nikasema. "Si umesema juu?"

Aliwageukia wengine, akawaambia wapige nao. Ngumi kumi na moja zikaenda paani kwa pamoja, na njiwa waliokuwa kwenye mbao wakaruka wakatoka mlangoni. Mwalimu Valentino alitoa leso akajifuta uso mzima, na alichukua muda mrefu kidogo kuliko jasho alilokuwa nalo.

"Ju ni kumi," alisema alipomaliza. "Namba tu. Inakwenda kule kule zilikokwenda zile tisa."

Hapo ndipo nikakumbuka dirisha. Nilikuwa nimeijua hadithi ya dirisha na machungwa maisha yangu yote, na sikuwahi kuiunganisha na mkono wangu.

"Kwa hiyo mwaka wa nne huu tunapigana na paa," Paulo alisema.

"Na limetushinda," alijibu Filomena.

Walicheka, na mimi nilitabasamu, lakini Mwalimu Valentino aliniita pembeni. Aliniambia kwa upole kwamba akinipitisha vile atakuwa amepitisha ngumi tisa za mkanda mweusi na moja ya mtoto. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alilisema kunipa moyo.

"Kaka yako nilimpima mimi mwenyewe, miaka sita iliyopita. Ya kumi yake ilikuwa imenyooka kama nyingine zote."

Niliirudia sentensi hiyo njia nzima hadi nyumbani. Athuman alijua. Alijirekebisha, akapata mkanda wake, kisha akaja akatusimamisha ghalani na kutuacha miaka minne tukipiga paa. Kwa mara ya kwanza tangu afe nilimkasirikia. Ni vigumu kumkasirikia marehemu, kwa sababu hana pa kujibia, na wewe huna pa kuiweka hasira. Niliiweka kwenye mkono.

Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilitoka uani na bakuli mbili na punje mia za mahindi. Nilipiga elfu moja, kwa nguvu na kwa haraka, nikijiambia kila nikifika tisa: sasa mbele, sasa mbele. Mkono ukaenda juu. Nikaongeza zikawa elfu moja na mia tano. Bega likavimba nikawa siwezi kufikia rafu ya karatasi kazini. Baada ya wiki mbili nilikuwa na ngumi nyepesi kuliko zamani, na ya kumi ilikuwa inapanda kwa kasi zaidi. Nilikuwa nimeongeza mazoezi ya kukosea.

Arobaini ilitukuta mwezi wa nane. Nilikwenda Kwaluguru siku moja kabla, tukapika, hitima ikasomwa, watu wakala wakatawanyika. Mchana wa pili yake nilikaa na mama nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi. Aliona navua punje kwa mkono wa kushoto akaniuliza wa kulia una nini. Nikamweleza yote: mtihani, darasa, ngumi ya kumi. Sikumwambia habari ya hasira.

Mama alisimamisha mikono.

"Athuman aliniambia habari za mkono wako," alisema. "Pale pale ulipokaa. Aliniambia, mama, mkono wa Hajira sijaunyoosha, nikipona naanza na huo."

Nilimwuliza mbona hakunifikishia maneno hayo.

"Nilijua anasema hilo kombo lako la mchungwani. Nikamjibu, mwanangu, mfupa wa ukubwani haunyooshwi, mwache dada yako na kiwiko chake. Basi akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Mimi nikadhani homa imempanda."

Mama aliendelea kupukuchua. Nami nikaendelea, kwa mkono wa kushoto. Baada ya muda aliniuliza kama amefanya vibaya. Nikamwambia hapana, mama, ulimjibu vizuri.

Hasira yangu haikwisha siku hiyo, ila haikuwa na pa kukaa tena. Alikuwa na miaka minne ya kuniambia, akaahirisha. Nadhani alikuwa ananingojea nikaribie mtihani. Watu wenye afya huahirisha mambo.

Nilipokuwa najiandaa kuondoka niliona kamba ya makopo imetundikwa ukutani. Shambani kwetu ngedere ni adui wa kwanza wa mahindi. Mama hufunga kamba ya katani kuzunguka shamba upande wa kichaka, na kila baada ya hatua chache hutundika kopo tupu lenye vijiwe ndani. Ngedere akigusa kamba, kopo linalia, naye hukimbia au walau mama husikia. Mavuno yalikuwa yamekwisha, kamba ilikuwa inapumzika. Nilimwomba kipande chenye kopo moja.

"Korogwe kuna ngedere?"

"Yupo mmoja," nikasema.

Nyuma ya chumba ninachopanga kuna nguzo mbili za kuanikia nguo. Nilivuta kamba kati yake, juu kidogo ya bega langu, kopo likining'inia katikati. Nikasimama karibu, kiasi kwamba ngumi iliyonyooka ingepita chini ya kamba bila kuigusa, na iliyopanda ingeipiga. Asubuhi ya kwanza nilipiga kumi mara mia. Kopo lililia mara tisini na sita. Mama mwenye nyumba alitoka amejifunga khanga, akasimama mlangoni.

"Hajira, ngedere wamefika hadi Kilole?"

Nilimwambia ni mazoezi ya mtihani. Akasema mitihani ya siku hizi ina makelele, akarudi ndani.

Kopo lilinifunza kitu ambacho hesabu haikunifunza. Zamani nilikuwa nahamisha punje kila nikimaliza kumi, iwe nzuri au mbaya, kwa hiyo punje zilikuwa zinaniambia nimechoka kiasi gani na si kitu kingine. Nikabadilisha utaratibu. Kopo likilia, punje haihami. Siku ya kwanza ya utaratibu huo nilihamisha punje mbili, nikaacha, nikaenda kazini.

Kisha nikapunguza kasi. Nilipiga polepole mno, ngumi inatoka kiunoni kama mtu anayesukuma mlango wa chumba alicholala mtoto. Kwa mwendo ule nilianza kuiona njia ya mkono. Niligundua kwamba ya kumi haikuanza kupanda kwenye ya kumi. Ilianza kwenye ya tisa, kwa bega kujiinua kidogo kabla, kama anayevuta pumzi ili aseme neno. Nikaishughulikia ya tisa. Na nilipoishughulikia ya tisa niliona kwamba katika ya nne kiwiko changu kinaachia ubavu, na katika zote mkono unaorudi unarudi kivivu. Miaka yote nilidhani nina kosa moja.

Mia mbili kwa siku zilitosha. Wiki ya tatu kopo lililia mara kumi na moja kati ya ishirini. Mwishoni mwa mwezi wa tisa zilipita siku mbili halikulia, na nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kwa Kiswahili, moja mbili tatu. Nilifurahi, nikamwita Filomena aje ashuhudie. Alikuja na mfuko wa figiri, akaketi kwenye ndoo, akaniangalia mpaka mwisho.

"Sasa nikuhesabie mimi," alisema, "maana huko Handeni hutajihesabia."

Akahesabu kama tulivyozoea ghalani. Alipofika mwisho, kopo likalia. Akarudia. Likalia. Tulitazamana.

"Ni neno," Filomena akasema. "Mkono umepona, sikio bado."

Kwa hiyo nikatafuta mtu wa kunisemea neno lile kila siku, na aliyekuwepo ni mmoja tu. Mwezi wa pili Paulo alitupiga video kwa simu tukiwa darasani, akaituma kwenye kundi letu. Ni dakika nne. Athuman anahesabu kumi mara kumi na mbili. Tangu msiba sikuifungua. Nilikuwa naiweka kama mtu anavyoweka nguo ya marehemu, haivaliwi na haitolewi.

Asubuhi moja niliweka simu juu ya kigoda, nikaifungua nikiwa nimeshasimama kwenye mkao, ili nisipate nafasi ya kufikiri. Sauti yake ilitoka. Alikuwa na namna ya kulivuta neno la mwisho, juuu, kama anayemnyanyua mtoto. Kopo lililia mara zote kumi na mbili. Nilizima simu, nikakaa chini kwa muda, nikachelewa kazini.

Kesho yake nikarudia. Ikawa ndiyo kazi yangu ya mwezi wa kumi. Kila siku nilimsikiliza, na kila akifika mwisho nilimkatalia. Siku za kwanza niliona kama ninamvunjia heshima. Sauti inasema juu, sauti ambayo haitasema tena neno jingine, na mimi ninapeleka mkono kwingine kwa makusudi. Ilipozidi nilikuwa nampunguza sauti, halafu naona aibu, namwongeza. Kopo lililia mara tisa kati ya kumi na mbili, halafu saba. Kuna wiki nzima lilikaa kwenye tano, halipandi halishuki, na nilifikiri limefikia hapo.

Katika wiki hiyo simu iliteleza kwenye kigoda. Nilipoinama kuiokota, kwa mara ya kwanza niliitazama badala ya kuisikiliza. Paulo alisimama nyuma yetu alipopiga ile video, kwa hiyo sisi tunaonekana migongo na Athuman anaonekana uso. Anahesabu na kupiga pamoja nasi. Kyu. Juuu. Mikono yetu yote inapanda. Ngumi yake inakwenda mbele, imenyooka.

Niliirudisha nyuma nikatazama tena. Mara zote kumi na mbili ngumi yake ilikwenda mbele. Alikuwa anafanya mbele yetu waziwazi, kila Jumatano na kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kuona, kwa sababu kwenye ya kumi wote tulikuwa tunafuata ngumi zetu kwa macho, tunatazama paa. Na kila mara, tukiwa tumetazama paa, yeye anatutazama sisi. Anakaza midomo. Mimi ni dada yake, namjua. Alikuwa anajizuia asicheke.

Nilicheka peke yangu pale uani. Mama mwenye nyumba aliuliza kupitia dirishani kama ngedere amekamatwa.

Tangu siku hiyo nilipiga nikimtazama. Sauti iliposema juu, macho yangu yalikuwa kwenye ngumi yake, na ngumi yangu ikafuata ya kwake. Kabla mwezi wa kumi haujaisha kopo lilikaa kimya mara zote kumi na mbili. Nilirudia kila siku hadi siku ya kuondoka, kwa sababu mkono uliojifunza miaka ishirini na mbili hauaminiki kwa wiki tatu.

Handeni tulikwenda watatu, mimi na Filomena na Paulo. Usiku wake mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, na viatu vyetu viliingia ukumbini na tope jekundu. Madirisha ya ukumbi huo yako juu. Sikuuliza kama ndio ule.

Tulikuwa watahiniwa watano. Nilipitishwa kwenye kuzuia, mateke, na mapigano na kijana mmoja wa Muheza aliyenizidi urefu wa kichwa. Hayo yalikwenda kama yalivyokwenda, kuna nilipopigwa na kuna nilipopiga. Ngumi ziliwekwa mwisho, watu wakiwa wameshachoka, na nadhani ilikuwa makusudi. Mwalimu Valentino alisimama mbele yangu na karatasi yake akaanza kuhesabu. Alihesabu kumi mara kumi. Mara tisa za kwanza alisema ju kwa ufupi, kama inavyotakiwa, na mkono wangu ukaenda mbele. Mara ya mwisho alinitazama machoni.

"Hachi," alisema. "Kyu." Akasubiri. "Juuu."

Alilivuta kama Athuman. Bega langu lilishtuka, nililisikia likishtuka, na kwa kipande kidogo cha muda sikujua mkono utakwenda wapi. Kisha kiwiko kikasugua ubavu na ngumi ikatoka mbele, ikageuka mwishoni, ikasimama. Nilisikiliza kopo. Palikuwa na matone ya mvua ya jana yakidondoka kutoka kwenye bati.

Aliandika. Alipokuwa ananifunga mkanda aliniuliza, kwa sauti ya watu wawili, nilifanyaje. Nikamwambia kaka alinihesabia. Aliitikia kwa kichwa, akakaza fundo. Paulo alikuwa mlangoni anapiga simu Korogwe, na niliwasikia wa upande wa pili wakipiga kelele kabla hajamaliza sentensi.

Jumatano iliyofuata tulivuta kamba ghalani, kutoka nguzo hadi nguzo. Paulo alileta makopo ya oili kumi na moja kutoka kwa mafundi wa pikipiki, na Filomena akaokota vijiwe. Niliwaeleza habari yote, dirisha na machungwa, video, na maneno aliyomwambia mama. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliuliza kama basi alikuwa anatucheka miaka yote. Nikasema ndiyo.

"Haya, hesabu," Filomena akasema. "Tuone nani ngedere."

Nikahesabu. Kwenye ya kumi makopo yote kumi na moja yalilia kwa pamoja, na njiwa wakatoka. Tulicheka mpaka nikashindwa kuanza upya. Kisha tukaanza upya, polepole. Itachukua miezi. Mzee Abraham alipita akasimama mlangoni, akasikiliza makelele, akaniambia ufunguo nibaki nao.

Walipoondoka nilibaki kufagia. Jua lilikuwa bado linaingia mlangoni, na vumbi la katani, ambalo haliishi humo ndani hata ufagie vipi, lilikuwa linaelea. Niliegemeza ufagio ukutani nikasimama katikati, mahali ambapo nilikuwa nasimama zamani, mstari wa mbele kulia. Nilitaka kupiga moja ya juu, ile aliyonifundisha shambani. Nikahesabu kwa sauti, na la mwisho nikalivuta kama yeye.

Mkono ulikwenda mbele.

Nikarudia. Mbele. Nilirudia tena, nikalivuta neno zaidi, na mkono ukafanya kile ulichofundishwa, umenyooka, tulivu. Nilisimama nikiutazama.

Mara ya nne sikuhesabu. Niliinua ngumi mwenyewe, taratibu, kama mtu anayenyanyua ndoo, mpaka ikafika juu kabisa, na nikaitazama ilipokuwa. Kisha nikaishusha, nikamalizia kufagia, nikafunga mlango.